Elimu ya Mwili Haipatikani kwa Taklidi



 

Safari hii tunataka kusema na vijana wetu wa Kihoto, na wenzao wa Naivasha mjini, Gilgil na Nakuru, wanaume kwa wanawake, walioingia katika vyuo vya uuguzi na utabibu au wanaotazamia kuingia. Mlango huu hauko mbali nasi. Chuo cha Mafunzo ya Tiba cha Kenya, KMTC, kilichoanza mwaka 1927, kina tawi lake Nakuru. Na Chuo Kikuu cha Egerton, ambacho makao yake ni Njoro, kinafundisha udaktari. Baba anayeamkia mashamba ya maua kabla ya jua kuchomoza, na mama anayeuza mboga kando ya njia, wanajinyima ili mtoto apate karo ya mwaka wa kwanza. Naye mtoto huenda kwa furaha, akakutana huko na masomo mawili yanayomwangusha: anatomia, yaani elimu ya maumbile ya viungo na mahali pake, na fiziolojia, yaani elimu ya kazi za viungo hivyo. Akirudi likizoni humsikia akisema kuwa kitabu ni kikubwa mno, majina ni ya Kilatini, na kichwa chake hakishiki.

Sisi hatukubali kuwa kichwa hakishiki. Kijana huyu tunamjua. Alikaa nasi chuoni, akahifadhi juzuu ya Amma akiwa mdogo, na mpaka leo ukimwamsha usiku wa manane atakusomea bila ya kukosea. Kichwa kilichobeba hayo hakiwezi kushindwa na mifupa 206 ya mtu mzima. Lililompata ni kuwa, alipofika kwenye elimu ya mwili, aliiacha njia aliyofundishwa na mwalimu wake wa Qur'ani, akashika njia nyingine isiyomfaa.

Na kabla hatujaieleza njia, tuseme kwanza kwa nini jambo hili linatuhusu sote. Muuguzi anapopiga sindano ya kalio huligawa kalio kwa fikra katika robo nne, akachoma robo ya juu ya upande wa nje. Kwa nini hapo? Kwa sababu mshipa mkubwa wa fahamu uitwao siatiki, ulio mnene kuliko yote mwilini, hupita chini ya nyama ya kalio kuelekea pajani, na robo ile iko mbali nao. Asiyejua hayo kwa yakini, bali alikariri usiku mmoja kabla ya mtihani kisha yakamtoka, anaweza kumpokea mtoto aliyeletwa na homa, na mtoto akaondoka akiburura unyayo. Huyo mtoto ni wa nani? Ni wetu, au wa jirani yetu. Basi atakayefaulu mtihani bila ya kuujua mwili hakumdanganya msahihishaji peke yake.

Sasa tutazame namna wengi wanavyosoma. Kijana hufungua kitabu, akasoma sura ya figo mara ya kwanza, akairudia mara ya pili, na ya tatu. Hushika kalamu ya rangi ya manjano akapaka mistari mpaka ukurasa mzima ukawa manjano. Kisha hunakili maneno yale yale katika daftari safi kwa mwandiko mzuri, na akimaliza moyo wake hutulia, kwa kuwa kila aonalo sasa amelizoea. Lakini kuzoea uso wa mtu si kulijua jina lake! Mtihani haumwulizi kama ukurasa ule amewahi kuuona. Unamtaka autoe kifuani.

Je, ni nani kati yetu aliyehifadhi Qur'ani kwa kuutazama msahafu tu na kupaka rangi? Mwalimu wetu wa chuo alikuwa akitusomea, tukasoma naye, kisha akaufunika msahafu na kusema: "Haya, soma!" Hapo ndipo hifdhi ilipokuwa ikifanyika, katika ule wakati wa taabu, ulimi ukitafuta neno na neno halipatikani, mpaka likaja. Na kesho yake hakutupa somo jipya mpaka tumemsikilizisha la jana. Na kila Ijumaa kulikuwa na muraja'a ya yote yaliyopita. Kijana amelelewa juu ya mpango huu tangu utotoni, na kwa ajabu huuweka kando siku anapopewa kitabu cha anatomia, akadhani elimu ya vyuo vikuu ina njia yake nyingine.

Wataalamu wa elimu ya nafsi wamelipima jambo hili, na kipimo kimojawapo kilifanywa kwa lugha yetu wenyewe. Mwaka 2008 Jeffrey Karpicke na Henry Roediger wa Marekani walitangaza majaribio ambayo ndani yake wanafunzi wa huko, wasiojua Kiswahili, walipewa maneno 40 ya Kiswahili pamoja na maana zake kwa Kiingereza. Mojawapo lilikuwa mashua. Wote walijifunza mpaka kila neno wakawa wamelikumbuka angalau mara moja. Lakini baada ya hapo baadhi yao waliendelea kuulizwa kila neno, wakilitoa kichwani tena na tena, na wengine hawakuulizwa tena neno walilokwisha kulikumbuka, hata kama waliendelea kulisoma. Baada ya wiki moja wale walioulizwa mara kwa mara walikumbuka kiasi cha maneno 80 katika kila 100. Wale wasioulizwa tena hawakufika 40. Na hapa pana jambo la kuzingatiwa zaidi: walipotakiwa wabashiri wenyewe watakumbuka maneno mangapi, wote walitaja hesabu iliyo karibu sawa. Mtu hajui kuwa anasahau. Ndiyo maana yule aliyepaka kitabu rangi huingia mtihanini akiwa mtulivu, akatoka analia.

Basi kijana wetu afanye hivi. Asome sehemu ndogo, tuseme figo peke yake, kwa kufahamu. Kisha akifunge kitabu, achukue karatasi tupu, aichore figo kwa mkono wake, hata kama mchoro ni mbaya kama wa mtoto. Aweke majina ya sehemu zake, na aandike damu inaingia wapi, mkojo unatoka wapi. Akikwama, asikimbilie kitabu upesi. Avumilie kidogo kama tulivyokuwa tukivumilia mbele ya mwalimu. Ndipo afungue, na kwa wino wa rangi nyingine asahihishe. Wino huo wa pili ndio utakaomwonyesha hasa mahali pa kurudia, na asiuonee haya. Kesho yake, kabla ya somo jipya, aichore figo tena. Baada ya siku tatu tena. Baada ya wiki tena. Robo saa katika kila siku kumi inashinda masaa matatu ya usiku mmoja, na usingizi ulio katikati ya siku hizo unasaidia pia, kwani ubongo huyathibitisha yaliyosomwa mtu akiwa amelala. Hawa wanaokesha na kahawa mpaka alfajiri ya mtihani wanajinyima sehemu ya kazi yenyewe.

Hayo ni upande wa hifdhi. Lakini hifdhi peke yake haitoshi, na hapa tunataka vijana wetu watusikilize vizuri, kwa kuwa ndiyo da'wa yetu siku zote katika mambo ya dini: tusifuate neno kwa kuwa fulani amelisema, bali tuulize dalili yake. Taklidi ikiwa mbaya katika fiqhi, haiwi nzuri katika mwili wa mgonjwa.

Galen, tabibu wa Kiyunani wa karne ya pili, alikuwa imamu wa matabibu kwa zaidi ya miaka elfu. Aliandika kuwa taya la chini la mtu lina mifupa miwili iliyounganishwa kidevuni. Vitabu vikanakili, na walimu wakafundisha. Kisha Misri ikapatwa na njaa kubwa, kuanzia mwaka 1200 mpaka 1202, watu wakafa kwa wingi mno, na mifupa yao ikabaki wazi juu ya ardhi. Tabibu Abdul-Latif al-Baghdadi alikuwapo. Akaenda pamoja na wenzake mahali paitwapo al-Maqs, palipojaa mifupa hiyo, akatazama mataya, moja baada ya jingine, mpaka mafuvu yakapita 2,000. Katika yote hakuona taya la chini lenye mifupa miwili. Akaandika, kwa adabu na bila ya kumtukana Galen, kwamba ushahidi wa jicho ni wa kuaminiwa zaidi kuliko maneno yake. (Tunaongeza kwa insafu kuwa Galen alipasua wanyama, khasa nyani na nguruwe, na hata kwa binadamu, mtoto anapozaliwa taya lake la chini huwa nusu mbili, nazo hushikana katika mwaka wake wa kwanza.) Maelfu walimsoma Galen kabla ya Abdul-Latif, na kila mmoja wao alikuwa na taya lake mwenyewe usoni, hakulipapasa!

Kijana wetu naye ana maabara asiyolipia karo, nayo ni mwili wake. Apeleke kidole chini ya shingo, aufuate mtulinga kutoka kifuani mpaka begani. Aweke vidole viwili juu ya kifundo cha mkono upande wa dole gumba, aisikie ateri ikipiga, aihesabu kwa dakika moja. Akitawadha huosha miguu mpaka vifundo viwili; baada ya udhu, si ndani yake, ajiulize vifundo hivyo ni nini. Cha ndani ni ncha ya muundi, na cha nje ni ncha ya mfupa mwembamba uitwao fibula. Kumbe alichokuwa akikiita kifundo ni ncha za mifupa miwili mbalimbali. Atakayejifunza hivi hatasahau upande wa fibula maisha yake yote.

Tena mengine ameyasoma tayari katika fiqhi, ila hajui kuwa ameyasoma. Katika mlango wa kuchinja, madhehebu yetu ya Shafi inataka vikatwe vitu viwili, hulqumu na mari'i, yaani njia ya pumzi na umio, na ni sunna kuikata mishipa miwili ya damu ya pande za shingo. Hiyo ni anatomia ya shingo! Sasa siku ya Idi ya kuchinja, kijana asiondoke baada ya kuchinja akingojea nyama iive. Aitazame ile njia ya pumzi ilivyo na pete za gegedu zinazoizuia isifumbane, na aone kuwa pete hizo hazikukamilika. Upande wa nyuma ziko wazi. Na nyuma yake kuna nini? Kuna umio, nao hutanuka tonge linapopita. Akimaliza hapo afungue kifua, aone kiwambo kinachotenga kifua na tumbo, mapafu, ini, kibofu cha nyongo, wengu, figo zilivyolala nyuma zimefunikwa na mafuta. Ila akumbuke kuwa mbuzi ana tumbo la vyumba vinne na binadamu ana kimoja, asije akachanganya.

Moyo wa ng'ombe nao haupaswi kuruka. Mwombe mwuza nyama asiikate mishipa yake mikubwa, kwani kwa kawaida huikata na kuitupa. Upasue, upime kwa vidole ukuta wa chumba cha chini cha kushoto na wa kulia. Wa kushoto ni mnene mara tatu hivi. Sababu yake kitabu kitakupa kwa mstari mmoja, lakini ukiwa umeushika kwa mkono utaipata mwenyewe: wa kulia husukuma damu mpaka mapafuni tu, hapo jirani, na wa kushoto husukuma mpaka utosini na mpaka kidole cha mwisho cha mguu. Kabla ya kuupasua, mimina maji katika aota kuelekea moyoni. Utaona vikuta vitatu vya vali vikijifunga na kuyazuia. Shilingi ulizotoa kwa moyo huo zitakufaa kuliko kitabu cha pili cha bei kubwa, na moyo utapikwa jioni.

Wapo wanaotuuliza juu ya maiti wa chumba cha kupasulia, na baadhi ya vijana wamekaa nje ya mlango kwa khofu ya dhambi. Ni kweli kuwa Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuwa mfupa wa maiti una heshima kama wa aliye hai. Maulamaa hawakulisahau hilo. Baraza la Fiqhi la Kiislamu lililo chini ya Rabita, katika kikao chake cha 10 huko Makka, Oktoba 1987, liliruhusu kupasua maiti kwa ajili ya kufundisha udaktari kwa sababu ya dharura ya kuponya walio hai, likaweka masharti: idhini ipatikane, kisifanywe zaidi ya kinachohitajiwa, na maiti wa kike wasishughulikiwe ila na matabibu wa kike, isipokuwa wakikosekana. Kijana aingie basi, na aingie na adabu. Katika nchi yetu wengi wa maiti hao ni watu waliokosa wa kuwachukua. Aliyelala pale pengine hakuwa na mtu wa kumlilia, na sasa ndiye anayekufundisha; kucheka juu yake au kumpiga picha kwa simu ni jambo la aibu kubwa.

Tumekwisha sema juu ya maumbile. Ama kazi za viungo zinataka swali moja tu lisilochoka: kwa nini? Na katika hili tunaye wa kujivunia, na ni wa madhehebu yetu. Ibn al-Nafis, aliyefariki Kairo mwaka 1288, alikuwa tabibu na pia mwanafiqhi wa Kishafi aliyefundisha fiqhi katika madrasa ya Masruriyya. Mwaka 1242 aliandika sherehe ya anatomia ya Ibn Sina. Galen alikuwa amesema kuwa damu hutoka upande wa kulia wa moyo kwenda wa kushoto kupitia vitundu vidogo katika ukuta ulio kati, na Ibn Sina hakuyaacha mafundisho hayo. Ibn al-Nafis akasema ukuta ule ni mzito, hauna kitundu cha kuonekana wala kisichoonekana. Basi damu inapita wapi? Hapana budi iende mapafuni, ichanganyike na hewa huko, kisha irudi upande wa kushoto. Yeye mwenyewe alieleza kuwa sharia na huruma vilimzuia kushughulika na upasuaji. Aliyafikia hayo kwa kuuliza kila kiungo kimewekwa kwa kazi gani. Ulaya iliandika jambo hilo mwaka 1553 kwa kalamu ya Michael Servetus, na William Harvey akakamilisha khabari ya mzunguko wa damu mwaka 1628. Kitabu cha mwanafiqhi wetu kilikuwa kimelala, mpaka mwaka 1924 daktari wa Kimisri, Muhyi al-Din al-Tatawi, alipokigundua katika maktaba ya Berlin.

Njia ya damu hiyo isomwe kama isnadi ya hadithi. Kutoka mwilini mpaka vena kubwa, mpaka chumba cha juu cha kulia, mpaka cha chini cha kulia, mpaka ateri ya mapafu, mpaka mapafu, mpaka vena za mapafu, mpaka chumba cha juu cha kushoto, mpaka cha chini cha kushoto, mpaka aota, mpaka mwilini. Akiangusha mpokezi mmoja katikati, silsila imekatika na riwaya haikubaliwi; arudi mwanzo. Vivyo hivyo njia ya tonge, njia ya mkojo, njia ya khabari kutoka kidoleni mpaka ubongoni. Na azioanishe na hesabu, kwani hesabu humfanya mtu aamini anachokisema: moyo hupiga kiasi cha mara 70 kwa dakika, kila pigo hutoa kiasi cha mililita 70, zidisha, utapata lita tano hivi kwa dakika, nazo ni karibu na damu yote iliyo mwilini. Figo nazo huchuja kiasi cha lita 180 kwa siku, na mkojo ni lita moja au mbili. Zilizobaki zimekwenda wapi? Anayefunga Ramadhani na akatazama rangi ya mkojo wake wakati wa Alasiri ana nusu ya jawabu.

Maswali mengine yako hapa hapa mtaani. Kwa nini kijana aliyezaliwa katika Bonde la Ufa akanywa maji ya kisima ana meno ya kahawia, na baba yake aliyekuja kutoka pwani akiwa mtu mzima, akanywa maji yale yale miaka 20, meno yake ni meupe? Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza alifikirie kabla ya kusoma mbele. Maji ya visima vingi vya bonde hili yana floridi nyingi, na Shirika la Afya Duniani limeweka mpaka wa miligramu 1.5 kwa lita. Lakini floridi huliharibu gamba gumu la jino wakati gamba hilo linajengwa, na hujengwa jino likiwa bado ndani ya taya, katika miaka minane ya kwanza au karibu yake, isipokuwa magego ya mwisho. Jino likisha kuota, chembe zilizolijenga gamba zimekufa, na kazi imefungwa. Baba alikuja na meno yaliyokwisha kujengwa. Mwanafunzi aliyelijua hilo ameijua fiziolojia ya jino, na tena anajua ni mtoto gani wa kuhimizwa anywe maji mengine.

Na mwaka 2020, na tena 2025, Ziwa Naivasha lilipopanda likaingia katika nyumba za Kihoto, kila mtu alikhofu maradhi ya kuhara. Mama zetu wanajua maji ya chumvi na sukari: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazishwa. Lakini kwa nini sukari? Wengi hudhani ni ya kutia nguvu. Katika ukuta wa utumbo mwembamba pana mlango ambao chumvi na sukari hupita pamoja, na zikipita maji huzifuata. Hata katika kipindupindu, utumbo unapomwaga maji, mlango huo hubaki unafanya kazi. Kwa elimu hiyo Dkt. Dilip Mahalanabis aliokoa wakimbizi wengi katika kambi ya Bangaon, India, mwaka 1971, dripu zilipomwishia. Basi atakayeusoma ukuta wa utumbo kama orodha ya majina amepitwa na jambo kubwa.

Tuseme na juu ya lugha. Mafunzo ni ya Kiingereza na majina ni ya Kilatini na Kiyunani, na hatuwezi kuyabadili. Lakini majina hayo yana mizizi: atakayejua kuwa "nefro" ni figo, "hepato" ni ini na "gastro" ni tumbo amefungua maneno mengi kwa funguo tatu. Kisha kila jioni amweleze mtu wa nyumbani kwa Kiswahili safi alichojifunza. Kama hawezi kumweleza mama yake kazi ya kongosho bila ya kutumia maneno ya kitabu, ajue kuwa amehifadhi sauti. Mgonjwa atakayemhudumia kesho naye hatakuwa na Kilatini.

Na vijana wetu wasipoteze nyakati zao kwa mabishano yaliyoenea siku hizi ya kuhesabu viungo ili kuithibitisha hadithi ya viungo 360. Hadithi ile inatufundisha shukrani na sadaka kwa kila kiungo, na yatosha. Qur'ani, katika sura ya Adh-Dhariyat aya ya 21, inatuelekeza tutazame ndani ya nafsi zetu. Anayekwenda na jawabu mkononi kabla ya kutazama hakutazama.

Neno la mwisho ni kwa wazazi. Tunawaona mabinti wanaorudi likizoni wakapewa ndoo, ufagio na mtoto wa kubeba, na kaka yao akaachiwa meza na taa. Kisha siku mama anapoumwa uchungu, baba yule yule husimama mlangoni mwa wodi akiuliza kama hapana muuguzi wa kike! Atatoka wapi? Binti huyu apewe saa moja baada ya Magharibi, asiitwe. Na mzazi asiyejua kusoma anaweza kumsaidia kwa kushika karatasi ya mchoro, akamwambia: nionyeshe hapa ni nini, na hapa je, na damu inakwenda wapi. Atajua kwa kumtazama usoni kama anajua au anababaisha.

Darasa letu limepanga kukutana baada ya Isha kila Jumamosi ya likizo hii, wanaume upande mmoja na wanawake upande mmoja, kama kawaida. Kila wiki mmoja atasimama afundishe kiungo kimoja kwa Kiswahili, na wengine watamwuliza. Tutaanza na figo. Kila mtu aje na karatasi tupu na kalamu za rangi mbili. Vitabu vitawekwa rafuni mpaka wa mwisho amalize kuchora.